Jiwe Lililowekwa Pembeni

Baba Paroko, ndugu, majirani na nyote mliokuja kutushika mkono, marehemu baba yetu, ambaye wengi mlimwita Timazi kwa sababu hakuweza kukaa katika nyumba ya mtu bila kuinuka kunyoosha picha iliyopinda ukutani, alizaliwa tarehe 3 Aprili 1944, katika chumba kilichokuwa nyuma ya kanisa la zamani la mawe, akiwa kitindamimba wa katekista na mshona nguo, akimfuata dada mmoja tu, shangazi yetu, aliyembeba mgongoni na kumfundisha kuhesabu kwa vifungo vya mashati ya wateja.

Alisoma shule ya misheni ng'ambo ya uwanja wa kanisa, akamaliza darasa la nane mwaka 1959, ndipo mjomba wake akamkabidhi mwiko na timazi, kamba ya kupimia wima wa ukuta, na uashi ukawa ndio kazi yake mpaka mwisho.

Mwezi Julai 1971, parokia iliamua kulibomoa kanisa hilo la zamani, lililokuwa limepasuka kuta, na kazi akapewa yeye. Chini ya dirisha la sakristia, chumba cha mavazi ya padri, alikuwa amezikwa mtoto wa pekee wa shangazi, aliyefariki akiwa bado ananyonya, na shangazi alimsihi mdogo wake asiguse upande ule mpaka mtoto ahamishwe, naye akaahidi, lakini alipokuwa machimboni kuchagua mawe, vibarua wake walisawazisha uwanja wote, na msalaba mdogo wa mbao ukaenda na kifusi, kaburi lisijulikane tena lilipo. Hakujitetea, maana vibarua walikuwa wake na ahadi ilikuwa yake. Tangu hapo shangazi hakukanyaga kwetu, na hata salamu zilipitia kwa watu wengine.

Tarehe 16 Septemba 1972 baba alifunga ndoa na mama yetu, muuza vitambaa, kiti cha dada yake kikiwa kitupu, wakajaliwa watoto wanne, ambao sote tulijua kukoroga saruji kabla ya kujua kuandika, na mama akatutangulia mwaka 2003.

Mwaka 2009 parokia ilimwagiza asimike jiwe la kumbukumbu palipokuwa na altare ya kanisa la zamani. Alipokuwa akichimba aligonga pembe ya msingi wa sakristia, akavuta kamba yake kutoka pembe ile, na kesho yake jiwe lenye maandishi "Hapa palisimama kanisa la kwanza la Wakatoliki" likaonekana limesimama pembeni kabisa, nje ya kuta za zamani. Wazee wa kanisa waling'aka, mmoja akasema kanisa limehamishiwa pale padri alipokuwa akiegesha baiskeli, watu wakacheka kwamba Timazi naye amepinda, naye, mtu asiyevumilia hata picha iliyolala upande, hakulisogeza. Mara mbili alikwenda kubisha kwa dada yake, na mara zote akajibiwa kupitia dirishani kwamba mwenye nyumba amelala. Iliniuma kumwona akirudi.

Alianza kuugua mapafu Novemba 2017, akalazwa tarehe 12 Mei 2019, na siku chache kabla ya kufariki tarehe 29 mwezi huohuo, alitufunulia siri ya lile jiwe, kisha akasema kwa taabu juu ya dada yake, "Nikiwa hai hatakuja. Kunizika atakuja. Mwambieni hapo."

Shangazi, umekuja. Fundi hakukosea, lile jiwe lina mwanao chini yake, na baba alilipalilia kila Jumamosi mpaka miguu ilipomkatalia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliokesha nasi, na mafundi wenzake waliojenga kaburi hili na kulipima mara tatu wakijua angelikagua. Waliocheka hatuna kinyongo nao, yeye mwenyewe hakuwa nacho.

Pumzika sasa kwa amani, baba, dada yako amesikia.