Kisaidizi Changu Kifutwe Kabla ya Alhamisi

Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu, Ndugu Mkuu wa Idara ya Programu, wageni wetu kutoka hospitali mbili tunazozihudumia, mke wangu na wanangu, wafanyakazi wenzangu: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa niketi wakati wa kuzungumza, nikakataa. Nimeombwa pia niizungumzie miaka yangu thelathini na mmoja. Nitazungumzia kazi moja tu, kwa sababu hiyo ndiyo iliyoninyima utulivu tangu asubuhi.

Kwa faida ya wageni, nieleze. Ndani ya kila mashine yetu ya kupitishia simu kuna kiini, yaani programu iliyo chini ya programu zote, nacho huzitumia programu za juu ujumbe kuhusu kiasi cha data kilichopita katika kila laini. Hesabu ikiwa ndogo, kiini huifunga katika baiti nne, yaani vijisanduku vinne vya kuwekea namba. Ikizidi bilioni nne na ushei, huifunga katika baiti nane. Ili kila mwandishi wa programu asiifungue bahasha hiyo kwa namna yake, niliweka katika maktaba yetu ya programu kisaidizi kimoja, yaani kijiprogramu cha kuifungua kwa niaba ya wote. Kilikuwa kifupi, kisafi, nami nilikionea fahari. Kilijua baiti nne tu. Kikikuta nane, kilijibu sifuri.

Je, hakuna aliyenionya? Alinionya binti yule aliyekaa karibu na mlango, ambaye nyote mnamwita Maswali.

"Mzee, na ukija urefu mwingine?"

"Haujawahi kuja."

"Hata wewe, Mzee, hujawahi kustaafu."

Akaandika rasimu ya kukirekebisha, nikamrudishia mara tatu. Mara ya tatu, nakiri mbele ya mke wangu, asiyeamini kwamba huwa ninakiri jambo, kosa pekee nililoliona lilikuwa nafasi mbili baada ya nukta.

Miezi miwili iliyopita, hesabu ya hospitali ya kwanza ikavuka ile bilioni nne na ushei. Kisaidizi changu kikajibu sifuri. Programu ya usimamizi ikaamini kwamba laini imekufa, ikaifunga. Kwa dakika kumi na moja, hadi tulipoiwasha mashine upya na hesabu ikaanza tena sifuri, hakuna aliyeweza kuita gari la wagonjwa. Mgonjwa mmoja alifikishwa kwa pikipiki ya jirani; yu hai, wala si kwa jitihada zangu. Mpokea simu wa hospitali hiyo, ambaye yuko nasi leo, alikuja akasimama mbele ya meza yangu.

"Baba, mimi si mtaalamu. Hiyo sifuri yenu ina maana kwamba hakuna kitu, au kwamba hamjui?"

Kisaidizi changu hakikuwa na namna ya kutofautisha hayo mawili.

Maswali akaandika kipya. Hiki hupima urefu kwanza: nne hukubali, nane hukubali, mwingine wowote hukataa waziwazi. Namba zinazoweza kushuka chini ya sifuri amezitengea kisaidizi chao, ili hasi isigeuke kuwa mabilioni. Taarifa ya kufaulu au kushindwa haichanganywi na namba yenyewe. Nimekisoma mara nne nikitafuta kosa kwa hamu isiyo njema. Sikuliona.

Kwa nini, basi, bado hakijawekwa? Leo asubuhi ndipo nilipojua kwamba kilikwisha kukaguliwa wiki tatu zilizopita, na kwamba kinangoja mimi niondoke. Nikamfuata Mkuu wa Idara.

"Ni heshima yako, Mzee wangu. Siku nne tu, Ijumaa unastaafu."

"Hospitali ya pili inavuka Alhamisi."

"Alhamisi hii? Lakini Mzee, kanuni si uliiandika mwenyewe?"

Kweli niliiandika: kazi ya mtu haibadilishwi na mwingine maadamu mwenyewe yumo kazini. Nilikusudia kuwazuia wazembe, nimemzuia mwangalifu. Nikirekebisha cha kwangu, ukaguzi utachukua wiki mbili. Tukiizima mashine na kuiwasha upya ili hesabu ianze tena sifuri, ni simu ya nani tutakayoikata? Nami nikiivunja kanuni yangu, vijana watajifunza kwamba kanuni ni za wadogo.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mkurugenzi, bahasha iliyo mbele yako haina shukrani. Ni barua ya kuomba kustaafu saa hii, badala ya Ijumaa. Tafadhali itie sahihi. Hapana, si baada ya chakula. Sasa.

Ahsante. Kitambulisho changu hiki hapa mezani.

Mimi si mfanyakazi wa hapa tena. Maswali, binti yangu, inuka. Kifute cha mzee, weka chako. Usinitazame hivyo, nenda! Ninyi mlio mlangoni, mpisheni.

Nawashukuru nyote kwa kunitegea sikio. Makofi yawekeni kwanza, hadi Alhamisi ipite.