Mitungi Minne ya Bi Semeni

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi. Ndugu Abass, Mwenyekiti wa chama chetu cha wasanii, pamoja na kamati yako. Wazee wangu wa Chumbageni, ambao nawaamkia shikamooni nyote. Walimu wenzangu, wanafunzi, na ninyi mliokuwa mkipita njiani mkaona viti mkaketi, maana nanyi ni wageni waalikwa: assalaam aleikum, na habari za asubuhi.

Nimepewa dakika kumi na kazi mbili. Ya kwanza ni kusema machache, na wanaonijua wameshaanza kucheka. Ya pili ni kuvuta kile kitambaa cha kijani juu ya mlango wa chumba cha ufinyanzi, kibao kionekane, mpige makofi. Nasikia kibao kina jina langu. Kamati ilitaka iwe siri, lakini siri ya kamati katika mji huu hufika sokoni kabla ya samaki.

Mnajua nimegombana na watu wengi. Nimegombana na maofisa waliodhani sanaa ni ngoma ya kupokelea wageni tu. Nimeandika barua kwa magazeti mpaka wahariri wakauchoka mwandiko wangu. Leo nimekuja kugombana na mtu mmoja, naye ni Mwanaima binti Mundhir, ndiye huyu anayesema nanyi.

Kwa wasioijua kazi yangu: kuna udongo usiotoka ardhini. Hutengenezwa kiwandani kwa plastiki, una rangi zote, ni laini kama donge la chapati, na ukiuoka kwa moto mdogo hukauka ukawa mgumu. Aliyenionyesha mara ya kwanza, mwaka 1981, ni jirani yangu Alefiya, yule pale mwenye miwani. Kaka yake Hasnain aliyeko ng'ambo alituma pakiti sita za watoto kuchezea. Watoto walichoka siku ya pili. Mimi sijachoka hadi leo. Hatukuwa na jiko la kuokea. Tuliuoka kwenye sufuria, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, kama mkate wa kumimina, na moto ukizidi kidogo tu, samaki changu mwekundu niliyemfinyanga anageuka mweusi na nyumba nzima inanuka waya ulioungua. Pakiti zikichelewa bandarini zilifika zimekakamaa, nikazitwanga kwenye kinu na kuzikanda kwa mafuta ya nazi.

Nilizunguka na shanga zangu, samaki wangu wa ukubwa wa kucha na hereni zangu za embe kila palipokuwa na maonyesho: Muheza, Korogwe, Pangani. Mama mmoja wa Pangani aliinua embe akaniuliza, "Mwalimu, hii inaliwa?" Nikamjibu, "Ukiwa na njaa sana." Na miaka ile, ndugu zangu, njaa haikuwa mzaha.

Sasa nije kwenye mwaka 1985. Nani hapa amesahau? Sabuni kwa foleni, sukari kwa kibali, mabomba yakikohoa upepo. Hata hivyo tulifanya maonyesho ya mkoa katika ukumbi wa shule, kwa meza saba za kuazima. Meza ya saba ilikuwa ya ufinyanzi, na kamati ilikwisha kuiandika kwa jina la Bi Semeni wa Mwera. Alivuka mto Pangani kwa pantoni na mitungi minne, mitatu imefungwa kwa makuti, mmoja ameupakata kama mtoto. Shingoni mwa kila mtungi alikuwa amekwaruza michoro kwa ganda la chaza, mistari myembamba iliyozunguka bila kupinda hata mmoja.

Mimi nilifika nikakuta sina meza. Bi Semeni aliponiona nimesimama na kikapu, aliniita. "Mwalimu, meza ndefu hii. Vyako vidogo, vikae mbele. Yangu ikae nyuma, ikuangalizie."

Kulikuwa na ubaya gani katika maneno hayo? Leo nayatafutia ubaya siuoni. Lakini siku ile nilisikia neno moja tu, "vidogo," na damu ikanipanda. Nikaenda mbele ya kamati. Nikasema huu ni ukumbi wa sanaa, si jiko. Nikasema ufinyanzi wa kesho ndio huu wangu, na mtungi ni chombo cha kuwekea maji tu. Kisha nikamalizia kwa maneno haya, na nayakumbuka vizuri kwa sababu niliyapenda: "Kama mtungi ni sanaa, basi na mwiko tuutafutie meza, na kinu, na ungo wa mama yangu!"

Kamati ilicheka. Nawe Ndugu Abass, wakati huo ukiwa katibu, ulicheka hadi ukavua kofia. Hoja yangu ikapita. Nilikuwa nimesoma vitabu vingi vya kutetea wanyonge, na siku ile nilivitumia vyote kumwondoa mwanamke mmoja mezani.

Hakugomba. Alisema, "Haya, mwanangu. Basi niwekeeni mahali pasipo jua." Wakaiweka mitungi mlangoni, chini. Na kwa kuwa mabomba yalikuwa makavu na wageni wengi, mtu fulani, sijui nani, alichota maji kisimani akaijaza.

Kuanzia asubuhi mpaka alasiri, wageni wote waliingia, wakainama, wakachota kwa kata, wakanywa. "Maji matamu haya! Baridi, utadhani ya barafu!" Wakajifuta midomo, wakaja mezani kwangu kusifu samaki wa plastiki. Mimi mwenyewe nilikunywa mara nne. Jioni nikapewa cheti cha kwanza cha ufinyanzi. Bi Semeni akamwaga maji yaliyosalia na kufunga mizigo yake. Mtungi mmoja ulikuwa umemeguka mdomo, umegongwa na mtu mwenye haraka. Nilimwona akikipapasa kile kipengo kwa kidole. Nami nikageuka, nikaendelea kupongezwa.

Baadaye milango ya biashara ilifunguliwa, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioshangilia. Zikaja ndoo za plastiki, nyekundu na bluu. Zikaja pia shanga za viwandani zilizofanana na zangu, mifuko kwa mifuko, na wateja wangu hawakuona tofauti. Hoja niliyoitoa mwaka 85, kwamba cha jana kipishe cha kesho, sasa soko lilikuwa linanisomea mimi mwenyewe. Ndipo nilipoandika zile barua kali mnazonisifia. Niliandika kutetea kazi za mikono. Jina la Bi Semeni halimo hata katika barua moja.

Jumamosi iliyopita, baada ya kusikia habari za kibao, nilikwenda Mwera. Nilimkuta uani anapepeta mchele.

"Shikamoo, Bi Semeni."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Mwanaima. Mwalimu, wa Tanga."

Akaniangalia, akacheka. "Ahaa! Wa mwiko!"

Miaka minane, ndugu zangu. Nilidhani neno lile nalikumbuka peke yangu.

Akanikaribisha maji, katika kikombe cha plastiki, kutoka ndoo ya bluu. Nikauliza mitungi iko wapi. "Nimfinyangie nani?" akasema. "Mimi mwenyewe nateka kwa ndoo. Nyepesi, haivunjiki. Shimo la udongo limeota magugu, na mikono yangu ndiyo hii," akanionyesha inavyotetemeka. Nikamwomba aje leo, akae pale mbele, karibu na mgeni rasmi. Akaendelea kupepeta. Kisha akaniuliza, bila hasira hata kidogo, "Nije kuwapa maji tena?"

Nikayanywa maji yale ya ndoo hadi tone la mwisho.

Kwa hiyo, Mheshimiwa, unisamehe, sitakivuta kitambaa kile. Ndugu Abass, mwite fundi aliparuze jina langu, aandike la Semeni wa Mwera. Usidhani hilo litarudisha kitu. Hatafinyanga tena, na hakuna aliyejifunza kwake, kwa sababu waliokuwa ukumbini siku ile walifundishwa na mimi kwamba hapakuwa na la kujifunza. Naomba tu tusiongeze uongo juu ya kosa.

Nilipoaga, niliuona mtungi wenye kipengo kwenye pembe ya ua, umejaa mkaa. Nikauomba. Akaumwaga mkaa, akaupangusa mtungi kwa kanga, akanikabidhi. "Chukua. Ila usiutie maji, unavuja siku hizi."

Umo humo ndani, katikati ya meza, peke yake. Shanga zangu nimeziacha nyumbani. Ingieni mmoja mmoja, muufuate kwa macho ule mstari wa shingoni mpaka urudi ulikoanzia. Hauna maji ya kutupa tena, wala hatuna cha kufanya nao isipokuwa kuutazama.

Nakushukuru Mheshimiwa, naishukuru kamati hata kama sasa imenuna, nawashukuru nyote kwa kunivumilia mpaka hapa. Wenye kiu, soda ziko nje, kwenye ndoo.