Mithika wa Tyubu za Trekta

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo, jikoni, shambani, dukani. Leo tunamkumbuka mtu ambaye wengi wenu mmekula jasho lake bila kulijua jina lake.

Aliitwa Mithika. Mzee Mithika wa Manyatta, hapa Embu. Alifariki Jumanne iliyopita, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili. Kazi yake ilikuwa kubadilisha tyubu za matairi ya trekta. Narudia, za trekta. Si za baiskeli, si za pikipiki. Tairi la nyuma la trekta likisimama humfika mtu mzima mabegani. Na tyubu yake ikiwa imejazwa maji ya kuongeza uzito, wanaume wanne hulisukuma wakachoka.

Mzee Mithika alizaliwa upande wa Maua. Vijana wa rika lake walikimbilia miraa, yeye akakimbilia matairi. Alifika Embu kutengeneza trekta moja, kazi ya siku mbili, na hakurudi tena kwao kukaa. Sababu ni msichana mmoja aliyeitwa Ruguru.

Mama Ruguru mwenyewe, sasa mjane wake, ametusimulia: "Alikuja kwa baba kuomba maji ya kutafutia pancha. Kesho yake akaja tena. Siku ya tatu nikamwambia, hiyo tyubu yako ina kiu sana."

Basi wakachumbiana. Lakini kabla ya harusi, Mithika alimweka Ruguru chini akamwambia jambo. Fundi aliyemfunza kazi kule Maua aliuawa na tairi. Lilikuwa likijazwa upepo, likapasuka, na yeye alikuwa amesimama mbele yake.

"Nakwambia mapema," Mithika alisema, "usije ukasema nilikuficha."

Ruguru alimkubali hivyo hivyo. Ila wasikilizaji wapendwa, neno lile lilimwingia likakaa. Kwa miaka zaidi ya thelathini, kila mumewe alipobeba vyuma vyake na jeki yake kwenda kazini, Ruguru alibaki ameshika roho mkononi. Binti yao Nkirote, ambaye sasa ni mwalimu, anakumbuka vizuri. "Mama hakuwa anasema anaogopa," anasema Nkirote. "Alikuwa anafua. Baba akichelewa, mama anafua hata nguo safi."

Sasa nisikilizeni. Ilikuwa mwezi wa kumi, mwaka wa elfu mbili na kumi na nane. Mzee Mithika aliitwa kule Mbeere, nchi ya joto, nchi ya ndengu na mtama. Trekta ilikuwa imekwama shambani, tairi la nyuma limelala chini kabisa. Mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya. Wakulima karibu arobaini walikuwa wakingoja trekta hiyo hiyo moja iwalimie, na kule mvua ya mwezi wa kumi ikikupita, umepitwa na mwaka.

Dereva wa trekta aliitwa Gedion, na alikuwa na haraka kweli.

"Mzee, piga jeki tuanze. Si unaona mawingu?"

"Nayaona," Mithika akajibu. "Leta kwanza magogo."

"Magogo ya nini na jeki iko?"

"Gedion, ndengu ukiikosa leo utaipanda mwakani. Mguu hauoti."

Magogo yakaletwa. Manne, mazito, ya mgunga. Mithika akayapanga chini ya ekseli, moja juu ya jingine, ndipo akainua trekta. Akafungua valvu, akamwaga maji yote ya tyubu. Akabandua ubavu mmoja wa tairi kutoka kwenye rimu, ile duara ya chuma, kwa vyuma vyake virefu, akavuta tyubu mbovu nje. Kisha akaingiza mkono ndani ya tairi, hadi kwapani, akipapasa. Ndiyo desturi. Lazima kwanza umtafute adui aliyetoboa tyubu ya kwanza, la sivyo ataitoboa na ya pili.

Akaupata mwiba. Mwiba wa mgunga, mrefu kama kidole. Alipokuwa akiuchomoa, jeki ikayumba. Yale maji aliyomwaga yalikuwa yamelainisha udongo chini yake. Jeki ikazama upande mmoja na trekta ikashuka.

Ikashuka juu ya magogo, na magogo yakashika. Lakini tairi lilikuwa limegusa ardhi na kusukumwa kwenye rimu, na mkono wa Mzee Mithika ulikuwa ndani.

Gedion alimpigia simu Mama Ruguru. "Mama! Trekta imemwangukia mzee! Kuja haraka!" Kisha simu ikazima. Betri.

Wasikilizaji wapendwa, hebu jiwekeni katika nafasi ya Mama Ruguru. Alitoka na aproni yake kiunoni. Akapanda pikipiki hapo Manyatta, na kutoka hapo hadi kule ni mwendo wa saa moja na nusu, nusu yake ni vumbi. Anasema hakulia njiani. Alikuwa akipanga mazishi. Alikuwa ameshachagua mahali pa kaburi, chini ya migomba. Alikuwa ameshafika kwenye maneno atakayomwambia Nkirote.

Akafika shambani. Akaona watu wamezunguka trekta. Akashuka kabla pikipiki haijasimama, akawapasua wale watu katikati.

Na pale katikati alikuwa Mithika. Amekaa juu ya gogo. Mkono mmoja umefungwa kwa leso, mwingine umeshika kikombe cha uji, na anamfokea Gedion jinsi ya kuweka ubao chini ya jeki.

Akainua macho. "Mama Nkirote! Wewe nani amekuita?"

"Nilimpiga," anasema Mama Ruguru. "Nilivua kiatu nikampiga nacho mgongoni. Halafu nikamkumbatia. Halafu nikampiga tena. Uji wote ukamwagika."

Watu walicheka, wengine huku wakifuta machozi. Walikuwa wamemtoa kwa jeki ya pili, na mfupa haukuvunjika, baadaye kliniki walithibitisha. Ila kiganja kilikuwa kimevimba kama andazi. Gedion alisimama kando, kichwa chini. "Mama, nisamehe. Ningekwambia amepona, lakini simu ilizima."

Mzee Mithika naye hakumtupia mtu lawama. "Kosa ni langu," alisema mbele ya wote. "Maji niliyamwaga hapo hapo penye jeki. Miaka yote hii nafanya kazi, leo nimesahau kuchimba mfereji."

Lakini tyubu mpya ilikuwa bado chini, imelala. Gedion akaishika akitaka kuiingiza.

"Ngoja," Mithika akasema. "Sijamaliza kupapasa. Nimefika nusu tu." Akautazama mkono wake. Haukuweza. Gedion akajaribu, lakini mkono wake ulikuwa mnene, ukakwama kwenye kiwiko.

Mama Ruguru akafungua vifungo vya mkono wa blauzi yake.

"Wewe?" Mithika akauliza.

"Nionyeshe."

Magogo yalikuwa yameongezwa, na ubao mpana uko chini ya jeki. Mithika alikagua kila kitu mara mbili, mwenyewe. Ndipo Ruguru akaingiza mkono katika kile kitu alichokiogopa tangu uchumba wake. Anasema ndani kulikuwa na ubaridi na unyevu. Akapapasa polepole, kiganja kwa kiganja, mumewe akimwelekeza, "Juu kidogo. Sasa bonyeza. Usiruke mahali."

"Aai!" akasema Ruguru. Kidole kilikuwa kimechomwa. Mwiba wa pili, mfupi, umejificha. Bila ya mkono ule, tyubu mpya isingefika hata jioni.

Wakaipaka sabuni, wakaiingiza, wakaitia upepo kidogo ijinyooshe isijikunje, wakarudisha tairi kwenye rimu. Walipoanza kujaza upepo, Mithika aliwasogeza watu wote pembeni, na Ruguru akamshika yeye kwa koti akamsogeza pembeni pia. Jioni hiyo trekta ililima. Mvua ilinyesha siku ya nne. Wakulima wote walikuwa wamepanda.

Tangu siku hiyo, Mzee Mithika hakwenda kazini peke yake. Mkewe alikuwa mpapasaji wake. Manyatta, Kianjokoma, hadi kwao Maua, walionekana pamoja. "Niliacha kuogopa," Mama Ruguru ametuambia. "Ukiwa mbali, tairi ni simba. Ukiwa karibu, ni mpira na chuma, na unajua pa kusimama."

Jumanne iliyopita, saa kumi alasiri, walikuwa nyumbani wakichambua maharagwe. Mzee akasema amechoka, akaegemea ukuta, akafumba macho. Hakuyafumbua tena. Mzee Mithika aliondoka hivyo, nyumbani kwake, ubavuni mwa mkewe.

Nilimwuliza Mama Ruguru anajisikiaje. Akasema, "Nina uchungu. Lakini nimepumua. Mungu angeweza kumchukua kule kwenye matairi, na hakumchukua hivyo."

Mama Ruguru, Mwalimu Nkirote, wajukuu na jamaa wote wa Embu na Meru, poleni sana. Mazishi ni Jumamosi, nyumbani Manyatta. Madereva wa trekta wamesema watafika mapema kuchimba kaburi. Mungu amlaze mzee wetu pema.

Nanyi, wasikilizaji wapendwa, mna mtu aliyetoka asubuhi kwenda kwenye kazi inayowanyima raha. Akirudi leo, mpokee. Na siku moja, usingoje kuitwa kwa simu. Nenda ukaione hiyo kazi. Huenda ukarudi nyumbani ukiwa mwepesi.