Kaktusi Iliyonenepeshwa Panda

Mtusamehe mapema, maana hadithi hii inasimuliwa vibaya. Ilitakiwa ianze kwa kicheko, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kimechoka, kikaketi pembeni kikingoja kahawa kama wengine.

Kijiwe chenyewe ni ubao uliolazwa juu ya matofali, mbele ya ukuta wa kambi ya wafanyakazi wa shaba, pale Panda, mjini Likasi. Mwaka ni tisini na sita. Mabomba ya kiwanda yameacha kutoa moshi, na wale waliokuwa wakiulalamikia moshi ule sasa wanautafuta kwa macho kila asubuhi. Mama Clotilde anauza kahawa ya termosi. Siku yenye sukari ni sikukuu. Wateja wake ni wale wale. Yupo Évariste, anayeitwa Radio kwa sababu hazimiki hata umeme ukikatika. Yupo Séraphin, anayeitwa Ingénieur ingawa kazi yake ilikuwa kulinda pampu. Yupo Osée wa kikundi cha maombi, wao humwita Nabii, na mpaka leo hajatabiri hata mvua. Siku hiyo, katikati yao, juu ya kigoda chake peke yake, alikuwapo mgonjwa.

Mgonjwa alikuwa kaktusi, mmea wa miiba usio na jani hata moja, umesimama kwenye mkebe wa maziwa ya unga. Juu ilikuwa kijani bado. Chini ilikuwa na rangi ya chai, na ukiibonyeza inabonyea kama ndizi iliyopitiliza.

Évariste hakuwa na utani asubuhi hiyo. Mkebe ule haukuwa wake. Ulikuwa wa Mama Kabedi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mzaliwa wa Panda hii hii, ila babu yake alitoka Kasai kuja kuchimba shaba. Miaka mitatu nyuma, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa mkoani, Kabedi alilala stesheni pamoja na maelfu, akingoja treni ya kwenda huko. Siku ya kuondoka aliupitisha mkebe dirishani mwa behewa, akamwekea Évariste mikononi. Nyumba ikachukuliwa na wengine, kitanda kikauzwa, cherehani ikapotea njiani. Kati ya vyote alivyokuwa navyo Likasi, ni kaktusi peke yake iliyobaki ikiitwa ya Kabedi. Wiki kadhaa nyuma ujumbe ulikuwa umefika: binti wa dada wa Kabedi, Émérence, anakwenda Kambove kwa biashara, naye angepita leo kuichukua.

Ajabu ni kwamba miaka yote iliyotangulia kaktusi ilikaa dirishani kwa Évariste ikisahauliwa kabisa, na ikasimama imara kama askari. Habari ya Émérence ilipofika ndipo aibu ilipomshika mzee. Huku Panda, mtoto aliyelelewa kwa jirani akirudishwa kwao amekonda, mtaa mzima hujua kwamba alinyimwa chakula. Basi akaileta kijiweni, ipate hewa na macho ya watu, na wote wakafurahi walipoiona ikivimba. Wakasema imenona. Kisha ikaanza kulegea.

Séraphin alivuta miwani yake yenye kioo kimoja, akainama kutazama udongo.

— Bulongo ya Panda iko na acide, alisema. Hii kintu inalala ndani ya batterie.

— Bulongo ni ile ile tangu zamani, Ingénieur. Mbona haikulalamika?

— Ilikuwa inangojea pension. Sasa imeelewa.

Hakuna aliyecheka sana. Hata Séraphin mwenyewe alikuwa akiingojea pensheni yake. Osée akasema asidi haina kosa. Kwa maoni yake, mmea ulikuwa umesikia kwamba wanakuja kuuchukua, na roho ya safari ikaingia. Alikuwa ameshauwekea mikono juu, na viganja vyake vilikuwa na ushahidi wa miiba.

Clotilde, aliyekuwa akipangusa vikombe, alisema hapana. Mgonjwa huyu ameogopa stesheni. Alipita pale akiwa mdogo, aliona watu wamelala chini ya mvua, na sasa akisikia neno treni miguu inakataa. Wote wakaangalia vikombe vyao, maana hata wao walikuwa na majirani waliolala pale, na si wote waliokwenda kuwaaga.

Séraphin hakuvumilia habari ile. Akaeleza kwamba umeme ukikatika kwenye bwawa la Mwadingusha, kila kilicho hai Likasi hupoteza nguvu, ila watu hawapimi. Umeme ukirudi leo jioni, kaktusi itasimama yenyewe.

— Na sisi? aliuliza Évariste. Shiye tutasimama?

— Shiye tuko ku ligne ingine ya umeme.

Wakiwa hapo ikatokea miguu yenye vumbi na furushi la vitenge kichwani. Msichana alisalimia wazee kwa heshima, akauliza nyumba ya Papa Évariste. Kwa uso wake hapakuwa na haja ya kuuliza yeye ni nani. Paji lilikuwa la Kabedi kabisa. Évariste alisimama upesi akauziba mkebe kwa koti lake la kazi, akaanza kumwuliza habari za safari, za tantine yake Kabedi, za bei ya mahindi kule, za mvua, na alikuwa anaelekea kwenye habari za mahindi mara ya pili Émérence alipomzunguka taratibu.

Alichuchumaa. Akabonyeza chini kwa kidole, akanusa kidole.

— Ni nani anaipatiaka mayi?

Swali lenyewe ni hilo tu, la maji. Nabii akatazama mbingu, Ingénieur akafuta kioo chake kimoja. Clotilde alichungulia ndani ya termosi kana kwamba jibu limezama humo.

Wakati ule maji Panda yalikuwa ya kubebwa kwa bidon, yale madumu ya plastiki, kutoka mbali, na mtu aliyeonekana akiyamwaga bure alikuwa na kesi na mkewe. Kwa hiyo kila mmoja alifanya kwa siri. Clotilde aliipa maji ya kusuuzia vikombe. Osée aliipa ya maombi, yale ya chupa, aliyokuwa akiwanyima hata wenye homa. Séraphin aliimiminia mabaki ya bidon kila alipopita, akijiambia kwamba hawa wengine hawana huruma. Na Évariste alikuwa amelala bila kuoga wiki hizo zote, maji yake yakiishia mkebeni. Yakatoka moja moja, kwa sauti ya chini, mpaka ikawa wazi kwamba kaktusi ilikunywa kuliko kambi nzima.

— Tulikuwa tunainenepesha, alisema Évariste. Mutoto ya bantu harudishwake amekonda.

Émérence hakucheka wala hakukasirika. Alionekana mtu aliyeketi juu ya magunia usiku kucha. Aliomba kisu kwa Clotilde, akakifuta, akakata. Ndani palikuwa kahawia. Akakata juu zaidi, pakawa kahawia kidogo. Akakata tena, mpaka nyama ikatoka kijani safi, na kilichobaki mkononi mwake kilikuwa kichwa tu, kama ngumi ya mtoto. Alikifunga katika ncha ya kitenge. Kikae kivulini, alisema, kidonda kikauke vizuri. Halafu kipandwe kwenye mchanga mkavu, na kisione maji mpaka kiote mizizi chenyewe.

Clotilde akamkamulia kahawa ya mwisho. Termosi ikakohoa, ikaisha. Évariste alibaki amekumbatia mkebe na kisiki chake kilichooza.

— Mais, papa, msichana alisema, tantine anasemaka alikuambia hii yote ku gare.

Évariste aliiona tena stesheni. Kabedi dirishani, machozi yanamtoka, na yeye chini akimwigiza mkuu wa stesheni anavyotembea na tumbo lake, ili jirani yake asiondoke Likasi akilia. Na Kabedi alicheka. Alicheka, akaufuta uso, akaunyoshea mkebe kidole, akafungua kinywa, na treni ikasogea.

— Alitaka kuniambia, mwanangu, alisema Radio akijigusa kifua. Minye njo sikumupatia nafasi.