Einar Lokken na Asubuhi Aliyokataa Kwenda Baharini

Marehemu Einar Lokken alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika bonde la Bella Coola, pwani ya British Columbia, mtoto wa kwanza wa Bwana Sverre na Bibi Gudrun Lokken. Walizaliwa wawili tu. Mdogo wake, Arvid, alifuata baada ya miaka kumi na miwili, na ni Einar aliyemfundisha kutembea, gatini, kamba kiunoni asije akatumbukia.

Alisoma Hagensborg, humo humo bondeni, hadi darasa la kumi, akaacha na kwenda kufanya kazi kiwandani, kwenye samaki wa makopo.

Mwaka 1970 aliajiriwa na hoteli moja ya wavuvi karibu na Kisiwa cha Calvert, kazi yake kupeleka wageni kuvua samoni. Alipenda mwanzo wa Juni kuliko msimu wowote, wakati samoni wakubwa wanapopita kando ya miamba wakifukuza samaki wadogo waitwao heringi, kabla hawajaingia mitoni. Daktari mmoja wa meno kutoka Calgary alikata mshipi mara tatu kwa kuvuta kwa pupa. Einar akamwambia, "Daktari, huyo ni samaki, siyo jino. Mwache akimbie, atachoka mwenyewe." Daktari yule alirudi kila Juni kwa miaka kumi na minne, na hakukubali kupanda boti ya mtu mwingine.

Tarehe 24 Agosti 1974 alimwoa Beryl Ostrem, mwalimu wa chekechea. Walijaliwa binti mmoja, Signe, ambaye ndiye anayesoma maneno haya.

Jumapili ya tarehe 11 Juni 1989 kulikuwa na ukungu mzito, na mawimbi yalikuwa yakipasuka mbali kabisa nje ya miamba. Mwenye hoteli alimwita Einar kwenye ngazi za jikoni.

"Wageni wawili wanakungoja. Wametoka mbali, hawakuja kutazama ukungu."

"Leo sitoki, bosi. Na usimtoe mtu yeyote. Pale mlangoni pa bahari, kati ya miamba, boti haitaweza kugeuza irudi."

"Basi vua koti langu la kazi, uende zako."

Einar akalivua. Arvid, aliyekuwa akiosha boti za hoteli kwa misimu mitano akisubiri zamu yake ya kuwa nahodha, akaomba ufunguo. Einar akamshika mkono gatini.

"Niachie, kaka," Arvid akasema huku akicheka. "Unaniaibisha mbele ya wageni."

Akamwachia.

Boti ilipatikana siku ya tatu, imepinduka. Wageni wale wawili walizikwa kwao. Arvid hajaonekana mpaka leo. Kwenye uchunguzi, mwenye hoteli aliapa kwamba Einar hakumwonya mtu yeyote, kwamba aliamka na hasira tu akaacha kazi. Einar alieleza yaliyotokea. Hapakuwa na wa kumuunga mkono.

Katika ibada ya Arvid, humu humu kanisani, Bibi Gudrun alimwambia mwanawe, "Wewe kaa nyuma. Uliyajua yale maji. Ungeenda wewe, wangerudi wote." Einar alikaa nyuma. Aliendelea kukaa nyuma kila Jumapili, hata baada ya mama yake kufariki mwaka 2008 bila kumtamkia neno. Hakuvua tena. Alifanya kazi ya kutengeneza barabara hadi alipostaafu.

Mapafu yalianza kumsumbua mwaka 2016. Aprili mwaka huu, akiwa amelazwa, alitembelewa na Bibi Wilma Kettering, aliyekuwa mpishi wa hoteli ile.

"Nilisikia kila neno, Einar," alimwambia. "Nilikuwa dirishani nakaanga mayai. Ulimkataza. Niliogopa kufukuzwa."



"Mama yangu aliishi miaka kumi na tisa baada ya siku ile, Wilma. Mlikutana dukani kila wiki."

Bibi Wilma alilia. Einar aliomba maji, akanywa, akageukia ukutani. Hakusema kwamba amemsamehe, na familia haitasema kwa niaba yake. Bibi Wilma yupo hapa leo. Ni yeye aliyeomba haya yasomwe mbele ya watu.

Einar alifariki asubuhi ya tarehe 22 Mei 2019, Beryl akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Beryl, binti, Signe, wajukuu wawili, Tove na Callum, na shemeji, Janine, mjane wa Arvid, ambaye hakumsalimia tangu mwaka 1989 na leo amekuja.

Lala, Einar. Sisi tuliokuzunguka hatukukupa amani. Mungu akupe yeye.