Bi. Wivina Anastaafu, Lakini Haendi Tulikompangia

Tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Bi. Wivina Claeskens atastaafu rasmi kutoka Jumuiya ya Maisha ya Kujitegemea, hapa Brussels. Kwa wasiomjua, kama bado wapo, ni yule mama wa kiti chekundu cha magurudumu, dawati la dirishani, aliyeandika karibu kila jambo la maana lililowahi kutoka katika ofisi hii, na sifa akapewa mtu mwingine. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu mfupi na wa kuchangamsha. Mfupi nitajaribu.

Kazi ya Jumuiya yetu, kama tunavyowaeleza wafadhili kila mwaka kwa picha za rangi, ni kuhakikisha kwamba mtu mwenye ulemavu popote Ulaya anaishi kwake, kwa ratiba yake, badala ya kuwekwa kwenye nyumba ya kulelewa. Kujitegemea si kufanya kila kitu kwa mikono yako mwenyewe. Ni kuwa na msaidizi anayekufuata wewe, badala ya wewe kumfuata yeye. Msaidizi wa Bi. Wivina ni Najat Bouzerda, ambaye amemwamsha, amemvalisha na kumpandisha tramu kwa muda mrefu kuliko zilivyodumu ndoa nyingi za ofisi hii. Saa za Najat hulipwa kwa sababu Bi. Wivina ana kazi. Kazi ikiisha, na Najat amekwisha. Msomaji makini ameshaliona tatizo. Sisi, ofisi nzima ya wataalamu wa jambo hilohilo, tuliliona mwezi wa tano.

Lakini tuanze mwanzo, kama inavyopasa. Bi. Wivina alifanyiwa usaili kwenye kibanda cha chipsi. Kinyozi hajinyoi: ofisi ya kutetea haki za watu wenye ulemavu wakati ule ilikuwa ghorofa ya pili, na lifti haikuwepo. Basi mabwana watatu wakashuka na mafaili yao, wakavuka barabara, wakamhoji chini ya turubai katika manyunyu ya Novemba, huku mayonezi ikidondokea vyeti vyake. Wakamwuliza ni kikwazo gani kikubwa zaidi kwa usawa barani Ulaya. Akainua chipsi moja, akaielekeza kwenye ngazi za ofisi yao. Wakacheka sana, wakampa kazi, kisha wakamweka chumba cha chini pamoja na vifurushi vya posta. Kuhama jengo kulichelewa kidogo, kwa kuwa suala lenyewe lilihitaji kikosi kazi, na kikosi kazi kilifanyia vikao vyake ghorofani.

Huko chini, kati ya vifurushi, ndiko alikochagua jambo lake: watoto na michezo. Alikuwa na sababu. Alikulia Aalst, na shuleni kwao kipindi cha michezo kilipofika, yeye alikalishwa kwenye benchi refu la ukutani, akapewa filimbi na kibao cha magoli ili naye ajisikie kashiriki. Anasema kila mwenye ulemavu wa rika lake nchini Ubelgiji ni mwamuzi mstaafu. Kanuni za mpira wa mikono anazijua kuliko makocha wengi, na mpira wenyewe hakuugusa hata siku moja utotoni mwake.

Hivyo ilipoundwa kamati ya Ulaya kuhusu watoto na mazoezi ya mwili, tukampeleka. Ile kamati ilikuwa na desturi nzuri ya kuketi tangu asubuhi hadi jioni, kwa biskuti na kahawa, ikijadili madhara ya kuketi sana. Rasimu yao ilisema kila mtoto apate saa moja ya kucheza na kuruka kila siku, inapowezekana. Neno hilo la mwisho liliwekwa na ujumbe wa nchi moja ambayo sitaitaja, maana jibini yao naipenda. Bi. Wivina akasema kwamba neno hilo ndilo lile benchi lenyewe, limeandikwa tu kwa herufi nzuri. Mwalimu yeyote asiyetaka usumbufu atamtazama mtoto wa magongo, aseme haiwezekani, na karatasi itamwunga mkono. Mwenyekiti akamwomba asiwachoshe wajumbe.

"Mimi nina haraka gani?" akamjibu. "Kiti nimekuja nacho. Mtakaochoka ni nyinyi."

Wakachoka kweli, lakini neno halikutoka. Lilitoka baadaye, kwa njia ya mji huu. Hapa Brussels mambo mengi hupitishwa kwa kunyamaza: andiko linasambazwa, watu wanapewa muda, na asiyepinga hadi muda uishe amekubali. Bi. Wivina alimshawishi mwenyekiti asambaze rasimu mpya, isiyo na lile neno, katika mkesha wa sikukuu ya Kupaa. Sikukuu hiyo huangukia Alhamisi, na hakuna mtu wa mji huu anayeiacha Ijumaa ijiendee peke yake. Wote huiunga na kutokomea, wengine misitu ya Ardennes, wengine baharini Ostend kula uduvi. Mwisho wa kupinga ulikuwa Ijumaa adhuhuri. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Jumatatu wajumbe waliporudi na pua zilizobabuka, watoto wote wa Ulaya, bila kubagua, walikuwa wameshapendekezewa kucheza.

Ni pendekezo tu, si sheria, tusijitie wazimu. Serikali nyingi zililipokea kwa heshima, zikaliweka mahali pakavu. Lakini baadhi ya shule zililisoma, na shukrani ya kwanza iliyotufikia ilikuwa ya punda. Alipiga simu mama mmoja, akifoka, kwamba binti yake Fenna, mtoto wa magongo, ametolewa kwenye benchi lake salama, ametiwa kwenye mpira wa mikono, na amevunjika jino la mbele. Bi. Wivina akamsikiliza, akampa pole, akamwuliza kama Fenna amelia. Mama akakiri kwamba mtoto halii, anauliza mechi nyingine ni lini. Siku ile Bi. Wivina alimtuma Najat akanunue keki za mchele za ofisi nzima. Tulikula bila kujua sababu, kama kawaida yetu. Kwa maoni yangu hilo jino ndilo mafanikio makubwa kuliko yote ya Jumuiya hii, na halimo katika ripoti yoyote.

Sasa tufike mwezi wa tano, pale tulipoligundua tatizo. Mkurugenzi wetu, Bw. Folkert Tjaden, ni mtu mwema. Naliandika hili kwa makusudi, maana mtu mbaya asingeweza kufanya alichofanya. Alijua Najat atapotea pamoja na kazi, akakosa usingizi, akamkumbuka rafiki yake aliye kwenye bodi ya nyumba moja mpya ya kulelea wazee, Bustani ya Mierezi, ambako watu husubiri nafasi hadi wanafia kwenye foleni. Akabembeleza, akapata chumba chenye jua. Hiyo ndiyo ingekuwa zawadi ya kuagwa, itangazwe sherehani, baada ya maua. Na kwa kuwa ni jambo la ofisi nzima, akatuandikia sote, isipokuwa mwenyewe Bi. Wivina, ili asiharibiwe mshangao: asiyepinga hadi Ijumaa adhuhuri amekubali. Ujumbe ulitumwa mkesha wa Kupaa. Sisi tulikuwa Ostend.

Basi ndivyo Jumuiya ya Maisha ya Kujitegemea ilivyoamua kwa kauli moja, yaani bila kauli yoyote, kumpeleka mtaalamu wake wa maisha ya kujitegemea kwenye nyumba ya kulelewa. Bango letu linalosema kwamba lisipitishwe jambo juu yetu bila sisi lilikuwa ukutani wakati wote huo, na halikupinga.

Bi. Wivina alizipata habari kwa simu. Nilikuwa dawati la mbele yake, na kwa kuwa Najat ndiye humbonyezea simu na kuiacha mezani, sauti ilikuwa wazi. Aliyepiga alikuwa binti mmoja mpole kutoka Bustani ya Mierezi, mwenye sauti ya mtu anayemfunika mtoto blanketi.

"Mama, tunakupangia ratiba. Kuoga utapenda Jumanne au Ijumaa?"

"Kuoga kwa nani?"

"Kwako, mama. Chumba chako kiko tayari."

Bi. Wivina akauliza, taratibu, itakuwaje siku akitaka kuoga Jumapili.

"Jumapili haiwezekani, mama. Jumapili kuna mazoezi ya puto."

Nimemwona mwanamke huyu akiwakabili mawaziri, wanasheria na mafundi lifti. Sikuwahi kumwona akiogopa mpaka siku ile. Najat aliweka kikombe cha kahawa mezani, akamshika bega. Niliona aibu, na ninaiona hadi ninapoandika hapa.

Hofu yake haikudumu. Aliviringisha kiti hadi ofisi ya mkurugenzi, hakugonga. Bw. Folkert aliumia kweli, alidhani anamwokoa. Akamweleza kwamba pale ni pazuri, kuna miti, kuna wauguzi, na kwamba yeye mwenyewe angependa kuzeekea pale.

"Folkert, mwanangu," akasema Bi. Wivina, "kama ni pazuri hivyo, katangulie. Kaa siku mbili, uniletee habari."

Mtu mwingine angejitetea. Bw. Folkert ni mtu wa Frisia, kaskazini mwa Uholanzi, na kule ukishapewa hoja ya haki unainamisha kichwa na kwenda kufunga begi. Rafiki yake wa bodi akampatia chumba kilekile chenye jua kwa mwisho wa wiki. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Alipewa supu ya jioni jua likiwa bado kichwani. Aliitwa babu, na hajafika hata miaka hamsini. Alipotaka kutoka anunue bia, akaelezwa kwa upole kwamba mlango hufunguliwa na watumishi, kwa usalama wake, na kwamba matembezi ni Jumatano. Jumapili akashiriki mazoezi ya puto, wamekaa duara, wanalipapasa kwa zamu. Yeye alilipiga kwa nguvu, maana alikuwa na hasira zake. Wakamsogeza pembeni apumzike, wakampa kazi ya kuhesabu pointi.

Jumatatu alikuja kazini mapema, akasimama mbele ya dawati la Bi. Wivina na begi lake bado mkononi.

"Hakuna aliyenitendea ubaya," akasema. "Nilikosa hata mtu wa kugombana naye."

"Umeona sasa," akamjibu, basi.

Kilichofuata kinastahili kuandikwa kwa haki, kwa sababu kejeli nayo ina mipaka yake. Chumba kilirudishwa kwa waliokisubiri, ambao nao hawakuulizwa kama wanakitaka. Bw. Folkert aliiita bodi nzima ya Jumuiya, akakataza mtu kunyamaza. Kila mmoja alitakiwa afumbue kinywa na kusema ndiyo au hapana huku Bi. Wivina akimtazama usoni. Ni zoezi gumu kwa watu wa mji huu, na wawili walitokwa na jasho. Wote wakasema ndiyo. Jumuiya italipa saa za Najat kwa mwaka mmoja, huku Mkoa ukiendelea kulitafakari ombi la Bi. Wivina la kulipiwa msaidizi hata asipokuwa na kazi, ambalo umelitafakari tangu Najat hajaota mvi.

Mwaka mmoja. Tafadhali msitupigie makofi. Tulipompelekea habari alitushukuru kwa adabu, kisha akatukumbusha kwamba mwaka si maisha, na kwamba yeye anakusudia kuishi zaidi ya hapo. Najat akaongeza kwamba na yeye pia. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya atakayerithi dawati la dirishani ni kwenda kukaa mlangoni kwa Mkoa mpaka waseme jambo, na akichoka, mimi nitampokea.

Kwa niaba ya wenzangu namshukuru Bi. Wivina kwa miaka yote aliyotufundisha tunachodai kufundisha wengine. Tunamshukuru Najat, ambaye hajawahi kuwa mfanyakazi wetu na amefanya kazi kuliko baadhi yetu. Sherehe ni saa sita mchana, ukumbi wa chini, na zawadi safari hii ameichagua mwenyewe: ni pazia zito la chumbani, la kuzuia mwanga wa asubuhi.

Jambo moja la mwisho. Kamati ilitaka ukurasa huu ufungwe kwa mipango yake ya mbele, kama ilivyo desturi. Nikamwuliza tarehe moja Julai ataamka saa ngapi, na siku yake ataitumiaje. Alicheka hadi Najat akaja kuona kuna nini. Akasema hilo halinihusu.

Basi, Bi. Wivina, tunakutakia maisha mema, na marefu, na yasiyotuhusu.