Bi Hakika na Kuta Zilizozidi Nguvu

Marehemu dada yetu alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Juni 1979, miezi miwili kabla ya siku zake kutimia, akiwa mtoto wa pili kati yetu watatu. Baba, ambaye ametangulia, alikuwa fundi cherehani. Mama, aliyeketi hapa mbele yetu, alikuwa karani wa posta. Mama anasema wiki za mwanzo hakuna aliyethubutu kumnunulia mtoto nguo, kwa hofu kwamba hatazivaa. Alipokua, hofu ile ni kama ilimhamia yeye. Ukimwambia mlango umefungwa, atauliza, "Una hakika?" Ukimwambia mvua haitanyesha, atauliza vilevile. Ndipo baba akamwita Bi Hakika, na jina likamganda.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya nyumba yetu, kisha sekondari ya wasichana ya bweni, halafu chuo kikuu, alikohitimu shahada ya takwimu mwaka 2003. Mimi mdogo wake nilimjua zaidi kwenye drafti, tuliyocheza kwa vizibo vya soda. Akinifunga upesi alikosa raha. Ananirudishia kete mbili, tunaanza upya. Ananifunga tena. Ananirudishia tatu. Siku niliyomfunga nilitamba nyumba nzima, na yeye akabaki ameinamia ubao, akijiuliza kama kete tatu zimezidi.

Alianza kazi katika kampuni ya bima, na huko ndiko alikokwama kwenye lifti pamoja na mafaili yake. Fundi lifti alimwambia kwa sauti kutoka juu ya lifti, "Tulia dada, haianguki." Akauliza, "Una hakika?" Fundi akajibu, "Mimi niko juu yake." Dada na fundi huyo walifunga ndoa tarehe 20 Desemba 2008, wakajaliwa mabinti wawili. Shemeji anasema hakuna siku aliyoulizwa swali lile akachoka. Sisi tuliochoka tunamvulia kofia.

Mwaka 2009 aliajiriwa na kampuni ndogo ya kutengeneza michezo ya kompyuta, orofa ya tatu juu ya duka la samani, ambako harufu ya vanishi ilipanda hadi mezani. Shangazi aliwahi kuuliza kama kweli mtu mzima analipwa kwa kucheza. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: katika mchezo wao kila mchezaji hujenga mji, hulima, hukusanya jeshi na kupigana na mwenzake. Dada ndiye aliyehakikisha hakuna jeshi linaloshinda kila mara. Alipunguza kasi ya farasi hapa, akaongeza uimara wa ukuta pale. Alijua kwamba ukigusa kimoja, vingine vingi vinahama bila kukuaga. Ndiyo maana kila mabadiliko yalipokaribia kutolewa alikonda. Wachezaji walimwita Mama Mizani, wengine kwa mapenzi, wengine kwa hasira.

Mwaka 2017 ulimjaribu. Wachezaji wazoefu waligundua kwamba wakipeleka farasi mapema, kabla mwenzao hajavuna chochote, mchezo umekwisha. Wageni wakawa wanapigwa, wanafunga kompyuta, hawarudi. Meneja aliogopa kuwaudhi mabingwa, maana shindano kubwa lilikuwa karibu. Dada akashikilia msimamo, akaimarisha kuta. Haikupita wiki, matusi yakamiminika. Mmoja aliandika kwamba anaujua mtaa anaokaa dada. Shemeji akabadilisha kitasa cha mlango. Dada akawa anakula amesimama, simu mkononi.

Meneja alimwita. "Rudisha kama ilivyokuwa."

"Nikirudisha, wageni wanaondoka."

"Usiporudisha, tutaondoka sisi. Ofisi nzima."

Aliomba siku chache. Akanichukua tukaenda kwenye chumba cha kukodisha kompyuta nyuma ya kituo cha mabasi, ambako watu walicheza mchezo ule. Tulikaa nyuma ya mwanafunzi mmoja wa uuguzi. Dada hakujitambulisha. Farasi wa mpinzani walifika ukutani, wakashindwa kupenya, na nikamwona dada akishusha pumzi. Lakini baada ya hapo hakuna aliyetoka. Kila mmoja alijifungia ndani ya kuta zake. Yule mwanafunzi akapiga miayo, akaanza kujisuka nywele.

Dada akamuuliza, "Mbona hushambulii?"

"Nikitoka, nakufa. Yeye akitoka, anakufa. Basi tunakaa."

"Lakini angalau hupigwi mapema."

"Hapo kweli. Zamani nilikuwa nashindwa haraka, siku hizi nashindwa taratibu."

Tulipotoka, dada alisimama kando ya kituo cha mabasi. "Wanaonitukana wana haki nusu," akasema. "Nimezidisha."

Kesho yake alisema hivyo hivyo mbele ya ofisi nzima. Hata hivyo, hakurudisha kanuni ya zamani. Aliziacha kuta zikiwa imara, ila mji ukijifungia muda mrefu, chakula ghalani kinaisha, na mwenyewe lazima atoke. Meneja alimuuliza kama jambo hilo litafaulu. Dada akasema hajui, na kwamba hata akingoja mwezi hatajua mpaka watu wacheze.

Siku ya shindano, lililochezwa kwa kanuni hiyo mpya, hakuweza kuingia ukumbini. Tulisimama kwenye korido, amenishika mkono hadi vidole vyangu vikafa ganzi. Kelele zikisikika anauliza, "Hizo ni za nani?" Bingwa aliyezoea kushinda kwa farasi alishinda raundi ya kwanza, akashindwa ya pili. Ya tatu ilirefuka mpaka sauti ya mtangazaji ikakauka. Mwishowe bingwa alishinda, kwa tabu. Alipotoka alipita mbele yetu akimwambia mwenzake, "Leo nimeogopa kweli." Alisema huku anacheka. Dada aliketi palepale sakafuni, akalia.

Mwezi Aprili 2022 alianza kuchoka bila sababu, na vipimo vikaonyesha saratani ya damu. Kila daktari alipobadilisha dozi, dada aliuliza ni kitu gani kingine kimebadilishwa siku hiyo, ili wajue kipi kimeleta nini. Daktari alimtania kwamba amepata msimamizi. Sisi tulikaa kwenye mabenchi ya hospitali tukisubiri majibu. Majibu mazuri nayo yalitutisha, kwa sababu tulikuwa tumejifunza kwamba hayadumu. Januari mwaka huu dawa ziliacha kufanya kazi.

Ijumaa, tarehe 2 Februari 2024, binti yake mdogo alipanda kitandani kwake akamuuliza, "Mama, unaogopa?"

Sote tulimwangalia, tukidhani atamdanganya mtoto.

"Naogopa," akasema. "Lakini mimi mambo yangu yote nimeyafanya nikiwa naogopa, na yamefanyika. Sogea hapa."

Binti akasogea. Dada yetu aliaga dunia asubuhi iliyofuata, Jumamosi, shemeji akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, mabinti wawili, mama mzazi, kaka mmoja, mdogo mmoja, shangazi, na wafanyakazi wenzake ambao tangu juzi wanatupikia chai. Wamo pia wachezaji waliokuja leo, ambao hatuwajui kwa sura. Karibuni, nyinyi ni wafiwa kama sisi.

Mungu amjalie utulivu ambao hapa duniani aliupata kwa vipande. Lala salama, dada.